Seva ya Akiba Ikae Ng'ambo ya Mto Mara

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti na Madiwani, na kwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, Halmashauri ya Mji wa Tarime na Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara.

Nakala: Mamlaka ya Serikali Mtandao, Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote.

YAH: OMBI LA KUPANGA SEVA NA NJIA ZA AKIBA KWA HUDUMA ZA WANANCHI WA GORONG'A NA KATA ZOTE ZA TARIME NA SERENGETI

Huduma za serikali za mitaa nchini Tanzania zimehamia kwenye kompyuta kwa kasi iliyoyaacha nyuma maandalizi ya siku ambayo kompyuta hizo zitakwama. Tangu serikali ilipoanza mwaka 2017 kutumia Mfumo wa Kielektroniki wa Malipo ya Serikali, unaojulikana kwa kifupi kama GePG, mkazi wa Gorong'a anayetaka kulipia leseni ya biashara au kibali cha ujenzi hamkabidhi tena karani fedha mkononi, bali hupewa kwanza namba ya malipo ambayo wengi huiita kontrol namba, na namba hiyo hutolewa na mfumo, si na mtu. Hospitalini hali ni hiyo hiyo, kwa kuwa mapokezi, maabara, dirisha la dawa na ofisi ya bima hutegemea mfumo mmoja wa kumbukumbu, nao ukisimama, foleni nzima husimama. Mwananchi aliyetoka kijijini alfajiri kwa bodaboda huambiwa kwamba mtandao unasumbua, kisha hurudi nyumbani akiwa ametumia nauli ya siku mbili kwa huduma ya dakika kumi.

Kauli hiyo ya mtandao kusumbua, ambayo husikika katika ofisi za umma kote nchini, huficha hitilafu za aina tofauti ambazo kila moja ina tiba yake, na barua hii inaanza kwa kuzitenganisha kwa sababu fedha nyingi hupotea pale tiba ya hitilafu moja inaponunuliwa ili iponye nyingine. Baadhi ya mifumo inayotumiwa na halmashauri, kama GePG ya malipo, MUSE ya ulipaji serikalini na TAUSI ya mapato ya halmashauri, huendeshwa kutoka makao makuu ya serikali, na kwa mifumo hiyo udhaifu wa Tarime au Serengeti ni waya au mnara unaoiunganisha ofisi na ulimwengu wa nje. Mifumo mingine hukaa kwenye seva iliyomo ndani ya jengo lenyewe, seva ikiwa ni kompyuta inayotunza taarifa na kuzihudumia kompyuta nyingine zote za ofisi au hospitali, na hapo udhaifu ni seva yenyewe, diski zake, umeme wake na chumba ilimowekwa. Ofisi inayonunua seva ya pili ilhali tatizo lake ni waya mmoja wa fiba haitapata nafuu yoyote, wala hospitali inayolipia njia ya pili ya intaneti haitapata nafuu iwapo diski ya seva yake imeungua.

Utaratibu unaoombwa katika barua hii una sehemu mbili ambazo hazitenganishiki. Sehemu ya kwanza ni kuwa na akiba, yaani kila kifaa ambacho huduma haiwezi kuendelea bila hicho kiwe na mwenzake aliye tayari kushika nafasi yake. Sehemu ya pili ni kuhamisha kazi, yaani kuwepo kwa njia iliyopangwa na kujaribiwa ya kuifanya seva ya akiba ichukue kazi ya seva kuu pale seva kuu inapozimika, bila mganga wala karani kulazimika kubadili chochote kwenye kompyuta yake. Ofisi nyingi huikamilisha sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili, na matokeo yake ni seva mpya iliyokaa kabatini ikiwa na taarifa za mwaka juzi.

Hesabu ya faida yake ni nyepesi, lakini ina sharti moja ambalo ndilo kiini cha ombi hili. Seva inayopatikana kwa asilimia 99 ya muda husikika kuwa ni nzuri, ilhali asilimia moja inayobaki ni saa 87 na dakika 36 kwa mwaka, muda unaozidi siku tatu na nusu. Seva mbili za ubora huo, ikiwa hitilafu ya moja haina uhusiano wowote na hitilafu ya nyingine, hukwama kwa pamoja katika sehemu moja tu kati ya 10,000 za muda, ambayo ni takriban dakika 53 kwa mwaka. Sharti hilo la kutohusiana ndilo linalobeba hesabu nzima. Seva mbili zilizowekwa katika chumba kimoja, zinazopata umeme kutoka soketi moja na kuunganishwa kwa swichi moja, hufa kwa sababu moja, na kwa hiyo hesabu yake hubaki karibu sana na ile ya seva moja, hata kama ankara ya ununuzi inaonyesha mbili.

Tanzania ililiona jambo hilo kwa uchungu tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za baharini ambazo nchi ilizitegemea sana kwa intaneti ya kimataifa, Seacom iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy iliyoanza kazi mwaka 2010, zilikatika siku moja katika eneo la bahari lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora kwa siku kadhaa kuanzia pwani hadi kanda ya ziwa. Kwenye karatasi nyaya hizo ni za makampuni tofauti, na kila moja ilionekana kuwa akiba ya nyingine, lakini zilipita karibu karibu chini ya bahari ile ile. Isitoshe, tangu Februari ya mwaka huo sehemu ya Seacom iliyo katika Bahari ya Shamu ilikuwa imekwisha kuharibika, hivyo njia ya kaskazini ilikuwa dhaifu kabla ya ile ya kusini kukatika. Wingi wa nyaya haukuleta usalama uliotarajiwa, kwa sababu hatari iliyozizunguka ilikuwa moja.

Mazingira ya Tarime na Serengeti yana hatari za namna hiyo zinazoshirikisha vifaa vingi kwa mara moja, na ni vyema zitajwe kwa majina. Ya kwanza ni radi, kwa kuwa Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi barani Afrika, na nguvu ya radi inayoingia kupitia nguzo ya umeme, waya wa simu au mnara ulio juu ya paa inaweza kuunguza kila kifaa kilichounganishwa katika jengo zima, pamoja na ile UPS, yaani betri ya dharura, ambayo ilinunuliwa ili kuvilinda. Waya wa kushusha radi ardhini uliofungwa vizuri na kupimwa kila mwaka kabla ya mvua ni kinga yenye thamani kuliko seva ya pili iliyo kwenye chumba kile kile, na inasikitisha kwamba katika bajeti nyingi kinga hiyo ndiyo hukatwa kwanza. Hatari ya pili ni umeme wa gridi, ambao unaweza kukatika kwa wilaya nzima. Ya tatu ni matengenezo ya barabara, kwa sababu fiba hufuata hifadhi ya barabara, na katapila moja inaweza kukata kwa pigo moja nyaya za watoa huduma wawili waliochimba mtaro mmoja.

Wafugaji wa pande hizi waliujua msingi wa jambo hili muda mrefu kabla ya kompyuta, kwani mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma moja, bali aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali ili wizi, ugonjwa au ukame wa mahali pamoja usimalize mali yote kwa usiku mmoja. Kinachoombwa sasa ni kwamba busara hiyo iliyolinda mifugo ilinde pia kumbukumbu za wagonjwa, za mapato na za ardhi.

Pendekezo mahususi ni kwamba halmashauri za pande mbili za Mto Mara ziwekeane akiba. Nyamwaga, yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, iko kaskazini mwa mto, na Mugumu, yalipo makao makuu ya Serengeti, iko kusini. Seva ya akiba ya Tarime, ya wilaya na ya mji pia, ikae Mugumu, na seva ya akiba ya Serengeti ikae Nyamwaga, kila moja ikiwa katika chumba chenye umeme wake, betri zake na kinga yake ya radi. Gharama ya chumba cha pili haitakuwepo, kwa kuwa kila halmashauri tayari ina chumba kinachohitaji kuboreshwa kwa ajili ya seva zake yenyewe, na uboreshaji huo utazifaa pande zote mbili.

Huenda ikaulizwa kwa nini akiba hizo zisipelekwe moja kwa moja katika Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilichopo Dar es Salaam. Jibu ni kwamba nakala moja ipelekwe huko, na itafaa sana, lakini nakala ya mbali pekee haitoshi, kwa sababu njia kati ya Mara na Dar es Salaam inapokatika, hospitali hubaki na taarifa zake salama mahali ambapo haiwezi kuzisoma. Nyamwaga na Mugumu zinaweza kuunganishwa kwa kiungo cha redio kati ya minara, kisichopita Mwanza wala Dar es Salaam, na hivyo ukaribu wa akiba ukawa na maana hata siku ambayo mkoa mzima umetengwa.

Utendaji wa mpango huo unahitaji maelezo, maana hapa ndipo miradi mingi huharibikia. Kila taarifa inayoandikwa kwenye seva kuu hunakiliwa kwenye seva ya akiba, na kuna namna mbili za kunakili. Katika namna ya kwanza, seva kuu hungoja hadi mwenzake athibitishe kwamba ameipokea taarifa ndipo imjibu mtumiaji, na faida yake ni kwamba hakuna kinachopotea, ila njia ikiwa dhaifu, kila mtumiaji husubiri. Katika namna ya pili seva kuu hujibu papo hapo na kutuma nakala baadaye kidogo, na hasara yake ni kwamba seva kuu ikifa ghafla, taarifa za sekunde au dakika za mwisho hupotea. Kwa umbali na njia zilizopo, namna ya pili ndiyo inayofaa kati ya Nyamwaga na Mugumu, lakini uamuzi wa dakika ngapi za taarifa zinaweza kupotea, na wa saa ngapi huduma inaweza kusimama kabla ya kurudi, si wa fundi. Ni uamuzi wa Baraza la Madiwani, kwa sababu ni wao wanaojua uzito wa dakika tano za rejesta ya wodi ya wazazi ukilinganishwa na dakika tano za mapato ya mnadani.

Seva mbili zilizounganishwa hivyo hutumiana kila baada ya sekunde chache ujumbe mfupi wa kuthibitisha uhai, na ujumbe ukikosekana kwa muda uliowekwa, seva ya akiba inaweza kujitangaza kuwa kuu na kuchukua anwani ambayo kompyuta zote huitafuta. Hatari kubwa hujificha katika hatua hiyo, kwa kuwa ukimya wa mwenzake unaweza kumaanisha kwamba amekufa, na unaweza pia kumaanisha kwamba yu hai ila njia baina yao imekatika. Katika hali hii ya pili kila seva hujiona kuwa ndiyo kuu, zote mbili hupokea taarifa mpya, na njia inaporudi panakuwa na rejesta mbili zinazopingana ambazo hakuna programu inayoweza kuziunganisha kwa uhakika: mgonjwa mmoja amepewa namba mbili, na namba moja ya risiti imetolewa kwa walipaji wawili. Tiba yake ni shahidi wa tatu, yaani kompyuta ndogo isiyotunza taarifa yoyote ya mwananchi, iliyowekwa mahali pengine, kwa mfano Musoma, ambayo kazi yake ni kuzitazama seva zote mbili na kusema ni ipi inayoonekana. Kwa kuwa njia za mkoa huu hukatika mara kwa mara kuliko seva zinavyokufa, ni salama zaidi kwamba uhamishaji wa kuvuka mto usifanywe na mashine peke yake, bali ufanywe kwa amri ya afisa TEHAMA aliyepewa mamlaka hayo kwa maandishi, baada ya kuutazama ushahidi wa Musoma. Dakika 15 za kusubiri uamuzi wa mtu ni bora kuliko wiki nzima ya kusuluhisha rejesta mbili.

Ni lazima pia isisitizwe kwamba seva ya akiba na nakala ya akiba ni vitu viwili, na kuvichanganya kumeziumiza hata taasisi tajiri. Seva ya akiba hunakili kila kitu, pamoja na makosa, hivyo karani akifuta rejesta kwa bahati mbaya, au programu ya wahalifu ikizifunga faili ili kudai fidia, uharibifu huo huvuka mto ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo panahitajika, mbali na seva mbili, nakala ya kila siku inayohifadhiwa kwenye diski iliyochomolewa kabisa na kufungiwa mahali pengine. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo wataalamu wa programu duniani kote huitumia kutunza kazi zao, ilifuta kwa makosa taarifa za seva yake kuu, na wahandisi wake walipozigeukia njia tano za akiba walizoamini kuwa nazo, walikuta hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo, na taarifa za takriban saa sita zikapotea. Korea Kusini, moja ya nchi zilizoendelea zaidi duniani kwa mitandao, ilishuhudia tarehe 26 Septemba 2025 moto ulioanzia kwenye betri ukiunguza kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, mamia ya mifumo ya umma ikasimama, na hifadhi ya nyaraka za watumishi wa serikali ikateketea bila kuwa na nakala nje ya kituo hicho. Ikiwa jambo hilo liliwezekana huko, hakuna sababu ya Mara kudhani kwamba haliwezekani hapa.

Kuhusu njia za mawasiliano, ombi ni kwamba TTCL na watoa huduma wengine watakiwe kueleza kwa maandishi fiba zao zinapita wapi hasa, mtaro kwa mtaro na daraja kwa daraja. Barabara kuu ya kutoka Musoma kwenda Tarime na Sirari huvuka Mto Mara pale Kirumi, na barabara ya Tarime kwenda Mugumu kupitia Nyamongo huuvuka mto huo huo mahali pengine, na kwa hiyo jiografia yenyewe inatoa njia mbili zisizotegemeana, iwapo mikataba itazitaka. Mkataba unaosema tu kwamba mtoa huduma wa pili ni kampuni tofauti hautoshi, kwa kuwa makampuni hukodishiana nyaya.

Gorong'a na kata nyingine za pembezoni zinahitaji fikra ya namna yake, maana zahanati ya kijiji haiwezi wala haihitaji kuwa na seva mbili. Akiba yake ya kweli ni vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za karatasi za Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambavyo baadhi ya watu huviona kuwa mabaki ya zama zilizopita. Vitabu hivyo visiondolewe. Kinachokosekana ni utaratibu ulioandikwa unaomwambia mhudumu baada ya dakika ngapi za kukwama ahamie kwenye kitabu, aandike nini, na nani atakayeingiza taarifa hizo kwenye kompyuta mfumo ukirudi, ndani ya siku ngapi. Huko nako ni kuhamisha kazi kwa maana kamili ya neno, tena kwa gharama ya kalamu.

Sheria inaruhusu mpango huu na inauwekea mipaka. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inazitaka taasisi za umma zifuate viwango na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na hivyo usanifu wa seva hizi upelekwe kwake mapema badala ya kupelekwa baada ya vifaa kununuliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa za afya kwa uzito wa pekee, na kwa hiyo kumbukumbu za mgonjwa wa Tarime zinazolala Mugumu zisimbwe kwa namna ambayo mtumishi wa Mugumu hawezi kuzisoma, na funguo za kuzisimbua zibaki Tarime kwa watu wasiopungua wawili. Jambo la watu wawili linahusu pia nywila zote za mfumo, kwa sababu halmashauri ambayo afisa mmoja pekee ndiye anayejua seva inavyowashwa ina udhaifu ambao hakuna mashine ya kuuziba, na udhaifu huo hujitokeza siku afisa huyo anapohamishwa.

Ni haki pia kusema yale ambayo mpango huu hautayatatua. Mwezi Julai 2023 jukwaa la eCitizen la serikali ya Kenya, ambalo lilikuwa limekusanya huduma zaidi ya 5,000 katika mlango mmoja, lilishambuliwa kwa kumiminiwa maombi bandia hadi wananchi wakashindwa kupata huduma. Seva ya akiba pekee haizuii shambulio la namna hiyo, kwani wimbi la maombi huifuata seva popote inapohamia, na ulinzi wake ni kazi ya taifa zaidi kuliko ya wilaya.

Fedha zipo karibu kuliko inavyodhaniwa. Mgodi wa dhahabu wa North Mara uko Nyamongo, ndani ya wilaya ya Tarime, na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 mwenye leseni ya uchimbaji anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Mipango ya namna hiyo huelekea kwenye majengo, kwa kuwa jengo huonekana na hufunguliwa kwa utepe, ilhali betri, waya wa ardhini na kiungo cha redio havina wa kuvipiga picha. Madiwani wanaombwa waweke katika mpango unaofuata fungu la umeme na njia za mawasiliano za hospitali kwanza, kisha la seva, kwa mpangilio huo, na waweke pia fungu la kubadili betri, ambazo huchakaa ndani ya miaka michache hata zisipotumika.

Halmashauri zote tatu zinaombwa zilipeleke jambo hili kwenye vikao vya Baraza kabla ya bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata, ziteue kila moja maafisa wawili wa kusimamia kazi hii kwa majina na vyeo, na ziweke katika kila robo mwaka siku moja ya kazi ambayo seva kuu itazimwa kwa makusudi mbele ya wajumbe wa kamati ya fedha, ili ijulikane ni dakika ngapi zinapita kabla dirisha la dawa halijaendelea kuhudumia. Idadi ya dakika hizo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata, Gorong'a ikiwemo, pamoja na tarehe ya jaribio na cheo cha afisa aliyelisimamia.